Barua kwa mwanangu: Simu mshike kwa zamu

Leeds, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa baba yako. Sisi wazima, isipokuwa goti langu la kushoto limeanza tena ukorofi wake wa msimu wa mvua, na huku msimu wa mvua ni mwaka mzima.

Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema tangu mhamie Portland, huko Marekani, Jumamosi zenu zimekuwa kila mtu na simu yake, mwenzio kwenye mpira, wewe kwenye mapishi ya watu ambayo huyapiki. Ukatukumbuka mimi na baba yako tunavyozurura kutafuta vikopo vilivyofichwa. Umeuliza tulianzaje, nyinyi mnunue nini, na kama mume wako hatachoka siku ya pili. Nitajibu, ila si kwa mpangilio huo.

Kwanza lile ambalo baba yako hapendi nilitaje. Hatukuanza kwa mapenzi, tulianza kwa kisukari. Mwaka ule ulipokwenda chuo, daktari alimwambia atembee angalau nusu saa kila siku. Unamjua baba yako. Aliniuliza, "Nitembee niende wapi?" Kwa mtu aliyekulia Tandika, anayetembea bila kwenda dukani, msikitini wala msibani ana lake jambo. Akatoka siku tatu, akauzunguka mtaa, akarudi amenuna. Kijana mmoja kazini kwake ndiye aliyemwonyesha programu ya simu yenye ramani ya mji iliyojaa vidoti, kila kidoti ni kasha lililofichwa na mtu. Alirudi jioni ananiambia kuna kasha mita 400 kutoka kwenye bucha letu. Miaka minane tunanunua nyama pale! Akavaa viatu bila kuambiwa.

Kwa hiyo usimwambie mume wako "twende tukatembee". Mwambie kuna kitu mahali fulani na watu wamekitafuta wakashindwa. Utaniambia.

Mchezo wenyewe unaitwa jiokashingi, kwa Kiingereza "geocaching". Kile kilichofichwa Waingereza wanakiita kwa neno la Kifaransa linalokaribiana mno kimatamshi na kasha letu, ingawa hayana undugu. Sisi tumejisemea kasha tu, liwe ndoo au liwe kidude kama kifuniko cha kalamu. Vingi ni vidogo hivyo.

Na wewe huko uliko ndiko kwenye kitovu chake. Zamani jeshi la Marekani lilikuwa likiyavuruga makusudi yale mawimbi ya GPS, ya setilaiti zinazokiambia kifaa kilipo, tunayotumia raia, hata kifaa kikakosea kwa mita kama 100. Tarehe 1 Mei 2000 Rais Clinton akatangaza uvurugaji ukome usiku ule ule. Tarehe 3, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaenda porini karibu na Beavercreek, kusini ya Portland yenu, akaacha ndoo nyeusi, kisha akaandika latitudo na longitudo yake kwenye intaneti. Alitaka kuona tu kama watu wataifikia. Ndani aliweka vitabu, programu za kompyuta, pesa kidogo, manati na kopo la maharage. Sharti lilikuwa moja, ukichukua kitu uache kitu. Haikupita hata wiki, Mike Teague kutoka jimbo jirani la Washington akaipata. Leo makasha ni mamilioni na yako kila bara. Kinachonichekesha ni kwamba ndoo ile ingekataliwa kwa sheria za sasa, maana ilifukiwa nusu na ilikuwa na chakula. Siku hizi huruhusiwi kuchimba ardhi ili ufiche bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi, na chakula hakiwekwi kwa sababu wanyama wanakinusa kabla ya watu.

Sasa tulivyoanza sisi. Lile la buchani tulilipata kwa dakika tano, tukajiona mabingwa. Wiki iliyofuata tukaenda Bingley, kando ya ule mfereji wa maji unaotoka Leeds hadi Liverpool, kilomita 204. Pale kuna malango matano ya maji yaliyopangana kama ngazi tangu mwaka 1774. Boti inaingia chumba cha kwanza, maji yanajazwa, inapanda cha pili, mpaka inafika juu karibu mita 18 kutoka ilipoanzia. Treni ya kutoka Leeds haifiki hata nusu saa, na tulikuwa hatujawahi kuyaona. Nilisimama kuangalia watu wanasukuma zile nguzo za malango kwa migongo yao. Baba yako hakuangalia chochote. Alikuwa na simu.

"Mita 5," akasema. Akapiga hatua mbili. "Mita 9." Akarudi. "Mita 4." Tukazunguka mti mmoja dakika arobaini, mwanangu, kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Kila nikitaka kutazama upande wa pili ananiambia GPS inasema hapa. Nikamuuliza, GPS imeshawahi kukaa na watoto wanaoficha vitu? Tukagombana kwa sauti ya chini, ile ya mbele za watu. Tukarudi nyumbani mikono mitupu, na kwenye treni tukaacha kiti kimoja katikati.

Usiku nikasoma ndipo nikaelewa. Simu, hata ikiwa nzuri vipi, chini ya miti au kando ya ukuta inakosea mita tano, kumi, wakati mwingine zaidi, kwa sababu mawimbi ya setilaiti yanazuiwa na matawi na kurudishwa na kuta. Na yule aliyeficha naye alipima kwa kifaa chake chenye makosa yake. Kwa hiyo ile "mita 4" inakwambia umefika mtaani, nyumba uitafute mwenyewe.

Tuliporudi Jumamosi iliyofuata nilimwambia simu iingie mfukoni. Nikasimama nikajiuliza, kama ningekuwa mimi ningeficha wapi? Nikamkumbuka bibi yako na ufunguo wa kabati la sukari. Alikuwa hauweki juu, watoto hupanda, wala chini. Aliuweka pale ambapo mtu mzima hainami na mtoto hafiki. Nikaangalia usawa wa kiuno. Nyuma ya nguzo ya uzio palikuwa na shimo, na ndani yake vijiti vinne vimelala sambamba. Vijiti vya porini havilali hivyo. Nyuma yake kulikuwa na kile kimkebe cheusi cha filamu za kamera za zamani, na ndani karatasi ya kusaini wanaolipata kasha, imeviringishwa kama sigara. Baba yako aliandika jina letu mwandiko ukitetemeka. Hakuomba radhi, lakini alinunua chai na keki.

Tangu siku ile tuna sheria moja nyumbani kwetu, nayo ndiyo hasa ninayotaka kukupa. Anayeshika simu hatafuti. Anaongoza mpaka mita kumi, halafu anaiweka mfukoni na kunyamaza, na mwenzake ndiye anayesema waanzie wapi. Kasha linalofuata mnabadilishana. Nimeona wanandoa wengi kwenye mchezo huu, mmoja yuko mbele na simu, mwingine nyuma amebeba begi na chupa ya maji. Huyo wa nyuma baada ya mwezi mmoja anapata udhuru.

Jina la kwenye programu chukueni moja tu la wote wawili. Mkiwa na majina mawili mtaanza kuhesabiana. Baba yako alipatwa na ugonjwa wa hesabu kiangazi kimoja. Alinipitisha njia moja ya mashambani yenye makasha yamepangwa moja baada ya jingine, tukasaini 31 kwa siku. Jioni sikuweza kukumbuka hata moja. Nikamwambia mimi si karani wa forodha.

Mnunue nini? Karibu hamna. Kujiandikisha ni bure, na ingawa makasha mengine yamefungiwa wanaolipia, ya kuanzia yatawatosha. Chukueni penseli, maana kalamu ya wino huikataa karatasi iliyolowa, na kibano cha nyusi cha kuvutia karatasi kwenye vikasha vidogo. Msisahau betri ya akiba. Viatu visivyopitisha maji mnavyo tayari kama mnaishi Portland. Kila kasha lina namba mbili, ugumu wa kulipata na ugumu wa ardhi, kutoka 1 hadi 5. Anzeni na yale yenye namba 1 au 1.5, na msome kidokezo bila aibu. Mkikosa, andikeni hamkupata. Kile kisura cha huzuni kitakachotokea kwenye programu kinamsaidia mwenye kasha kujua huenda limepotea. Mkilipata, lirudisheni pale pale na vile vile, hata kama nyinyi mnaona pangefaa pengine.

Huko kwenu kuna mmea wa majani matatu matatu ambao ukiugusa unawasha siku nyingi, mkali kama upupu. Ujifunze sura yake kabla hujaingiza mkono kichakani.

Na hili nisikufiche. Mwaka 2011 huko Wetherby, jirani yetu hapa, mtu aliweka kasha karibu na mkahawa, likadhaniwa bomu, barabara ikafungwa na wataalamu wa jeshi wakalilipua. Sasa fikiria mimi na ushungi wangu na baba yako na ndevu zake, tunapapasa chini ya benchi la stesheni. Mara moja askari alitujia. Sikujieleza sana, nilimwonyesha simu na kile kikaratasi, nikamwambia atusaidie kutafuta. Hakusaidia, ila aliondoka. Wazungu tunaokutana nao kwenye mchezo huona raha kujificha wasionekane na wapita njia. Nyinyi msijifiche. Mtu akiuliza, mwambieni. Na palipo na shule, stesheni au dirisha la nyumba ya mtu, piteni. Kasha haliwi la lazima hata siku moja.

Mume wako mpenda hesabu mtafutie yale ya mafumbo. Hayo kidoti cha ramani ni cha uongo, mpaka ufumbue swali ndipo upate latitudo na longitudo ya kweli. Sisi tunayafanya usiku wa Desemba, saa kumi kiza kimeshaingia. Baba yako ananisomea kama mtega vitendawili na mimi namjibu kutoka jikoni. Lipo moja lilitushinda miaka miwili, kumbe jibu lilikuwa ratiba ya treni.

Anzeni na lililo karibu na nyumba yenu, msikimbilie mbali. Ile Forest Park yenu ina njia ya kilomita 48, ipo hapo haiendi popote. Mkizoea, siku ya jua nendeni Beavercreek, kwenye bamba la kumbukumbu waliloliweka mahali pa ile ndoo ya kwanza. Baba yako ananiambia hapa nikuombe picha. Picha mpe yeye. Mimi niandikie nani alishika simu, na nani alikuwa wa kwanza kuliona.

Nisalimie mkwe wangu.

Mama yako