Usibamize fimbo! Weka alama kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema gobore lako la .50 (tundu la nusu inchi) linatawanya risasi, na muuzaji huko Pennsylvania kakwambia ushindilie kwa nguvu mpaka fimbo ya kushindilia iruke yenyewe mtutuni, tena usihangaike kusafisha kati ya mlio na mlio. Maneno hayo hayo niliuziwa na mimi, na mtutu wangu wa kwanza ulikwenda nayo.

Ile risasi ya duara ni laini mno. Ukiitwanga kwa fimbo inabonyea juu, haiwi duara tena, na ikitoka inakwenda inakotaka. Baruti iliyo chini nayo inasagika, leo zaidi, kesho kidogo, kwa hiyo kila mlio unakuwa na nguvu yake.

Hilo bado dogo. Balaa lenyewe ni masizi. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa, inabaki moshi mzito na uchafu. Kwenye msimu wa kuwinda kwa gumegume, yaani bunduki ya kuwasha kwa cheche za jiwe, wa baada ya Krismasi, hewa ikiwa kavu, uchafu ule unakauka ukawa gamba. Ukipiga mara kadhaa bila kusafisha, risasi inakwama kabla ya kufika chini. Na muuzaji wangu alinambia, "Ikikataa kushuka, ujue imefika." Mtu kapokea hela yako, anakutazama usoni, anakwambia hivyo! Haijafika. Pana nafasi tupu kati yake na baruti, na ukifyatua, risasi inakuwa kizibo, shinikizo linapanda pale pale na chuma kinavimba. Bunduki yangu haikupasuka, nikaona mambo shwari. Nilipokuja kusafisha, kitambaa kikawa kinabana, kinabana, mahali pamoja kinalegea ghafla, kisha kinabana tena. Hapo ndipo mtutu ulipotuna pete kwa ndani. Kuna wengine ulipasuka usoni kwao.

Kwa hiyo shika hili. Safisha mtutu, hakikisha ni mtupu, tumbukiza fimbo mpaka chini, chora alama usawa wa mdomo wa mtutu. Halafu mimina kipimo chako cha baruti, shusha risasi na kitambaa chake cha kuizungushia kwa msukumo mmoja wa taratibu mpaka ikalie baruti, chora alama ya pili. Kuanzia hapo, alama ya pili isipofika mdomoni, HUPIGI. Hata paa awe amesimama mbele yako. Usijaribu kuitoa kwa kuifyatua, itoe kwa skrubu yake ya kuvutia risasi. Na uzito unaoegemea kwenye fimbo uwe ule ule kila mara, maana nusu ya shabaha iko hapo.

Kila baada ya mlio pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Kidogo, mkuu, usikiloweshe. Maji yakibaki chini, baruti inalowa na gumegume litatoa cheche bure.

Greni ngapi za baruti (greni ni kipimo kidogo cha uzito)? Anza na 60, ongeza tano tano huku ukitazama karatasi ya shabaha, na upime kwa kipimo, usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Vilengeo usiviguse kwanza. Piga tano mfululizo, alama ikifika mdomoni kila mara, ulete picha ya karatasi hapa.