Maswali na Majibu: Iodidi ya Risasi

Kwa nini iodidi ya risasi, ile chumvi ya njano ya metali ya risasi na iodini, hung'aa kama dhahabu maji yake ya moto yanapopoa?

Kwa sababu joto hubadilisha sana kiasi chake kinachoyeyuka majini. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, lita moja ya maji hubeba gramu 0.76 tu, yakichemka hubeba takriban gramu 4. Ukipasha mchanganyiko wenye maji ya kutosha, njano yote hupotea, yakabaki maji yasiyo na rangi. Yaache yapoe polepole bila kuyatikisa. Vibapa vyembamba vyenye pembe sita huanza kujiunda na kushuka vikigeukageuka, kila kimoja kikimetameta kinapoelekea mwanga. Fuwele zake zimepangika tabaka juu ya tabaka, ndiyo maana hutoka bapa. Sijaona mmenyuko mzuri kuushinda huu.

Hutengenezwaje maabara?

Myeyusho wa nitrati ya risasi huchanganywa na wa iodidi ya potasiamu, na mashapo ya njano hutokea papo hapo:

Pb(NO₃)₂ + 2KI → PbI₂ + 2KNO₃

Huchujwa, huoshwa kwa maji baridi, hukaushwa. Maji ya bomba hayafai: chumvi zilizomo hutia nitrati ya risasi ukungu mweupe hata kabla ya kuanza. Na usizidishe iodidi ya potasiamu, maana ikizidi sana mashapo huyeyuka tena.

Ikiwa haiyeyuki vizuri, sumu inatoka wapi?

Swali hili ningependa kila anayeishika alisome. Karibu asilimia 45 ya uzito wake ni risasi. Hizo gramu 0.76 zina miligramu 340 hivi za risasi, wakati Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Ni zaidi ya mara 30,000! Mwilini risasi hushika nafasi ya kalsiamu, hukaa mifupani miaka mingi, na huharibu ubongo wa mtoto. Unga mkavu ndio wa kuogopwa zaidi, kwani vumbi lake huvutwa kwa pumzi. Vaa glavu na miwani, kisha nawa mikono.

Naweza kuimwaga kwenye sinki?

Hapana, hata yale maji yanayobaki juu ya mashapo. Weka kwenye chombo chenye kifuniko na lebo, kiende kwa wanaoshughulikia taka za metali nzito.

Ina kazi yoyote?

Ndiyo. Hutumika kutengeneza seli za jua za perovskaiti (aina ya fuwele inayogeuza mwanga kuwa umeme), na imefanyiwa utafiti kama kipokezi cha eksirei. Lakini seli ikipasuka, mvua inaweza kuisomba risasi hadi ardhini. Watafiti wanajaribu bati badala yake, ila bati huharibiwa upesi na oksijeni.