Thurmond alisema saa 24, muswada ukapita vilevile

SWALI: Nimesoma kwamba Strom Thurmond, seneta wa South Carolina, alizungumza saa 24 na dakika 18 mfululizo mwaka 1957 kupinga muswada wa haki za kiraia, na muswada ukapita. Sasa alipata nini? Na baadaye alihamaje chama bila kupoteza kiti?

JIBU: Kwanza sahau kengele ya Spika tuliyoizoea Dodoma. Katika Seneti ya Marekani, seneta aliyepewa nafasi anaendelea kusema ilimradi asikae chini wala kutoka ukumbini. Hiyo ndiyo filibasta. Dawa yake ni kura ya kufunga mjadala, ambayo mwaka 1957 ilihitaji theluthi mbili ya maseneta wote, yaani 64 kati ya 96. Tangu 1975 zinatosha 60 kati ya 100.

Lakini mtu mmoja, hata awe na mapafu ya chuma, hazuii muswada. Anauchelewesha tu. Filibasta inauma pale watu wanapopokezana. Mwaka 1964 maseneta wa Kusini walipokezana kwa siku 60 za kazi, hadi zilipopatikana kura 71 za kuwafunga midomo. Mwaka 1957 wenzake hao hao walikuwa wamekubaliana wasifanye hivyo, kwa kuwa muswada ulikwisha kupunguzwa makali. Thurmond akasimama peke yake, na baadhi yao walimkasirikia.

Alijiandaa, hilo tumpe. Alikaa kwenye chumba cha mvuke kuukausha mwili ili asibanwe na haja ndogo, kisha akaanza saa 2:54 usiku, Agosti 28. Alisoma sheria za uchaguzi za jimbo moja baada ya jingine. Seneta Barry Goldwater alipoomba dakika chache aingize jambo lake kwenye kumbukumbu rasmi, Thurmond akaponyoka kwenda msalani. Alipomaliza, hazikupita saa mbili muswada ukapita kwa kura 60 dhidi ya 15. Kwa maoni yangu, hotuba ile hakuwalenga maseneta. Aliwalenga wapiga kura Weupe wa kwao. Rekodi yake ilivunjwa Aprili 2025 na Cory Booker, seneta Mweusi wa New Jersey, aliyesema saa 25 na dakika 5 bila kuwa na muswada wowote wa kuzuia.

Kuhusu chama: huku kwetu mbunge akihama chama, kiti kinakwenda. Kule kiti ni cha mtu. Septemba 1964 Thurmond alitoka Democratic akaingia Republican, akaendelea na muhula wake bila uchaguzi mdogo. Na usisahau kwamba mwaka 1954 alishinda bila jina lake kuchapishwa kwenye karatasi ya kura. Wapiga kura waliliandika wenyewe kwa mkono. Aliondoka Seneti Januari 2003, akiwa na miaka 100.