Maswali yenu: mwanafunzi afanye nini kwa ajili ya watu wa asili?

Inboksi imejaa maswali ya wanafunzi wanaotaka kuwa upande wa jamii za asili, mengi yanafanana kwa hiyo nimeyaunganisha, twende.

Dada, sisi wanafunzi tu, hatuna hela hatuna cheo, kweli tunaweza kubadilisha kitu?

Mnaweza, na sitaki kuwapa maneno matamu tu. New Zealand mwaka 1972 vijana Wamaori, watu wa asili wa nchi ile, wa kundi la Ngā Tamatoa pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu pale Wellington walizunguka kukusanya saini, tarehe 14 Septemba wakazipeleka bungeni, zaidi ya 30,000. Kimaori kikaja kuwa lugha rasmi 1987, yani miaka 15 baadaye, sasa we hesabu wangapi walikuwa wameshamaliza chuo na kuoa. Ila angalia ombi lenyewe, walitaka Kimaori kifundishwe shuleni basi, na ombi la hivyo mtu unambana, anajibu ndio au hapana. Wakati sisi siku hizi tunaandika "tunataka haki" halafu tunashangaa mbona hatujibiwi.

Naandika tasnifu kuhusu mitishamba ya jamii moja ya asili. Supavaiza anasema wakisaini fomu ya ridhaa inatosha. Inatosha?

Haitoshi mdogo wangu, na hapa nitaongea sana maana ndipo wasomi wanapoumiza watu huku wanadhani wanawasaidia. Kuna Wahavasupai, jamii ya asili inayoishi chini kwenye korongo kubwa la Grand Canyon huko Arizona, Marekani. Kuanzia 1990 watafiti wa Arizona State University waliwatoa damu, wenyewe wakijua ni kwa ajili ya kisukari maana kilikuwa kinawasumbua kweli. Fomu wakasaini. Mwaka 2003 dada mmoja wa kwao, Carletta Tilousi, akaalikwa kusikiliza mwanafunzi wa PhD akiwasilisha kazi yake, anasikiliza weee, anagundua damu inayozungumziwa pale mbele ni ya kwao na habari ya kisukari haimo kabisa. Akauliza, mlipata ruhusa ya kuitumia hivi? Ndo mambo yakafumuka, kumbe ilishatumika kuchunguza skizofrenia, ugonjwa wa akili, na hata kutafuta mababu zao walihamia kutoka wapi, wakati wao wanaamini asili yao ni palepale kwenye korongo. Kesi ikaisha 2010, chuo kikakubali kulipa dola 700,000 na damu ikarudishwa.

Kwa hiyo fomu ilikuwepo, umeona eh? Mtu anasaini peke yake lakini kitu ni cha wote. Na wewe ndo unaingia kwenye dawa, pabaya zaidi, maana ukishachapisha mmea fulani unatibu nini na unaandaliwaje, mwenye maabara yake anauchukua bila kumuuliza mtu. Wasan, jamii ya asili ya kusini mwa Afrika, wamekuwa wakitafuna mmea wa hoodia kukata njaa toka enzi na enzi, 1996 taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini ikaisajili kama hataza yake, yani haki ya kuimiliki kibiashara, bila kuwashirikisha, mpaka 2003 ndo ukasainiwa mkataba wa kugawana faida. Wasan wakajifunza, 2017 wakatoa kanuni zao za maadili kwa watafiti. Anza hapo: waulize viongozi wa hiyo jamii kama wana utaratibu wao, nini kisiandikwe kabisa, na nakala ya kazi utaileta kwa lugha gani. Supavaiza akikuharakisha, badilisha mada, bora hivyo.

Klabu yetu ya mazingira inapigania umeme wa upepo, si hapo tunawasaidia pia watu wa asili?

Inategemea mnaujenga wapi. Wasami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, wale wa Fosen, Norway, wanafuga kulungu wa kaskazini, mitambo ya upepo ikajengwa kwenye malisho yao ya msimu wa baridi, Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ikasema vibali vimevunja haki zao. Mitambo ikaendelea kuzunguka kama kawa. Februari 2023 vijana Wasami wakaenda kukaa ndani ya wizara kule Oslo, na wanaharakati wa tabianchi wakakaa nao, hilo ndo nimelipenda, wamechagua wenye malisho badala ya mitambo. Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili linasema hawa watu waulizwe kabla, bila kushurutishwa, wakiwa wameelezwa kila kitu. Klabu yenu kabla ya kuposti bango iulize tu hilo moja, waliulizwa?

Tarehe 9 Agosti, siku ya kimataifa ya watu wa asili, tunataka kuvaa mavazi yao na kupiga picha chuoni, kuna ubaya?

Upo. Achaneni nayo.

Sasa siku hiyo tufanye nini?

Mwiteni mtu wa jamii hiyo aje aongee anachotaka yeye, na mumlipe nauli na muda wake kama mnavyomlipa msomi mwingine yeyote, msimletee bahasha ya shukrani mwishoni. Kama chuo kina makumbusho, andikeni barua rasmi kuuliza kuna vitu vya nani mle stoo na vilipatikanaje, hasa mifupa ya watu, maana ipo kwenye vyuo vingi tu. Barua iwe na saini na tarehe, nakala ibaki kwenu, na mkabidhi kwa mwaka wa kwanza kabla hamjahitimu, kwa sababu utawala unajua kabisa kuwa miaka mitatu mnaondoka na huwa wanasubiri hiyo.