Tumbo Linanisokota Kila Jumatano ya Marejesho

SWALI: Shikamoo, Mama Nesi. Nina miaka 34, nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, niliingia kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, ili watoto wale. Nikaulipa kwa kukopa mwingine, na mpaka leo sijatoka humo. Marejesho ni kila Jumatano. Jumanne jioni tumbo linaanza kunguruma, asubuhi linasokota, chai haipiti, na naenda chooni mara nne au tano kabla sijafika mwaloni. Nikijisaidia napata nafuu. Wiki nyingine choo kinakuwa kigumu kama cha mbuzi. Nimemeza dawa za amiba mara tatu, za taifodi mara mbili. Juzi nimeambiwa sina ugonjwa, ni mawazo tu. Je, narukwa na akili?
Mama Dagaa, Kibirizi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Akili yako ni nzima, na maumivu hayo hujayatunga. Hilo neno "mawazo tu" limeniuma, kwa sababu nilipokuwa kazini na mimi niliwahi kumwambia mama mmoja hivyo hivyo. Alikunja kadi yake mara nne, akaitia kwenye kanga, akaondoka bila kuniaga. Hadi leo namkumbuka.

Unayoyaeleza yanafanana sana na ugonjwa wa utumbo ambao madaktari huuandika IBS. Hata ukiingiziwa kamera, kidonda hakionekani. Shida iko kwenye mawasiliano ya ubongo na utumbo. Utumbo una seli zake za neva zaidi ya milioni 100, na habari ya hofu inazifikia upesi. Ukishtuka, ubongo unatoa homoni ya kuziamsha tezi mbili zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga adrenalini na kotisoli. Dhoruba ikikukuta ziwani zitakuokoa. Lakini ile homoni ya ubongo inaufikia na mfumo wa chakula: tumbo la juu linasita kushusha chakula, utumbo mpana unaharakisha. Ndiyo maana chai haipiti na papo hapo unakimbilia chooni! Hofu ikirudi kila wiki, neva za utumbo zinakuwa nyepesi kuhisi, na gesi ya kawaida ambayo jirani yako hata haisikii, wewe inakusokota.

Ila usijipe jina la ugonjwa kabla ya vipimo. Unaishi kando ya Ziwa Tanganyika, na kichocho cha tumbo kipo. Omba choo kipimwe kichocho, kirudiwe hata majibu ya kwanza yakiwa safi, maana sampuli moja inaweza kukosa mayai. Pima na wingi wa damu. Ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, ukipata homa au ukiamshwa usiku na kuharisha, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na dawa za amiba na taifodi usimeze tena bila kipimo, nakuomba.

Maharage usiyaache, yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa mapya. Vitunguu na maembe punguza kwa wiki mbili uone. Samaki mgebuka wa kuchemsha na wali kula bila wasiwasi. Jumanne usiku lala chali, weka mkono kitovuni, vuta pumzi kwa pua mpaka mkono unyanyuke, kisha itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Fanya dakika 10, na asubuhi rudia. Zipo pia dawa za kulegeza misuli ya utumbo. Muulize daktari baada ya vipimo.

Sasa deni, maana siwezi kukufundisha kupumua nikanyamaza kuhusu Jumatano. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo 10, asilimia 4 ni za vikundi vya wanawake. Ongea na wenzako wa mwaloni unaowaamini, mwende pamoja kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata awaeleze namna ya kusajili kikundi. Ukipata majibu ya kichocho, niandikie.