Mayai Saba ya Dada

Mliuliza wiki iliyopita: kwa nini Iringa, mkoa unaolisha wengine, unaongoza kwa watoto wenye udumavu, na akina mama wapewe elimu gani ya lishe? Hapo kwenye "elimu gani" ndipo mliponichokoza.

Takwimu nimezisoma. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwetu karibu watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wana kimo kisicholingana na umri wao, wakati nchi nzima ni 30. Jirani zetu wa Njombe ni kama 50. Sibishani na ubao wa kupimia. Nabishana na hilo neno "elimu".

Januari 2009 nilikwenda kumtembelea dada yangu huko Kilolo, wilaya mojawapo ya Iringa. Msimu wa palizi mnaujua. Dada alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri, ukungu bado umelala bondeni, jembe begani. Mtoto wa miezi 11 anabaki na dada yake wa miaka saba na chupa ya uji, uji mwepesi kama maji ya kunawa. Dada akirudi ni saa tisa, na kuni kichwani. Katikati hapo moto haukuwashwa, na hakukuwa na wa kuuwasha.

Siku ya kupima watoto akaja mtaalamu wa lishe (mtaalamu, si mama lishe, ingawa mama lishe angetufaa zaidi). Alipomlaza mtoto kwenye ubao akatikisa kichwa, kisha mbele ya watu wote akamuuliza dada: "Mama, makundi ya chakula huyajui?" Dada akayataja yote matano, kwa mpangilio, hata pumzi hakuvuta. Watu wakacheka. "Na mayai unayo?" Akasema anayo. Kweli alikuwa nayo, saba, kwenye kikapu chini ya kitanda. Dada hakusema zaidi, akamfunga mtoto mgongoni tukaondoka.

Nayakumbuka mayai yale kwa sababu mawili nilikula mimi. Nilikuwa mgeni, mjomba katoka mjini, nikakaangiwa. Matano yakaenda dukani, yakarudi chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Mtoto aliketi mkekani ananitazama nikitafuna.

Nilipoanza kuandika sikukusudia kulitaja hilo. Nilitaka kusema tu kwamba dada alikosa muda, wala si maarifa, na kwamba semina haiwezi kumpalilia mtu shamba. Bado nasema hivyo. Ila palizi na ulanzi, ile pombe ya mianzi, huja na mvua ileile, na saa zile dada yuko shambani, mimi na shemeji tulikuwa kilabuni tangu saa nne, tunazungumzia bei ya njegere. Pesa za mahindi ya mwaka uliotangulia alizishika shemeji, akanunua bati. Simlaumu sana, nyumba ilikuwa inavuja na mtoto hakuacha kukohoa. Lakini hakuna aliyetuuliza sisi makundi ya chakula, na mimi ningekwama kwenye la pili.

Kwa hiyo elimu itolewe, tena nyingi. Nimegeuka, naona. Iletwe kilabuni, mwezi wa kwanza, wakati wanaume wamekaa, na isiishie kwenye mboga za majani: iulize nani analala na pesa za mahindi, nani anateka maji, nani anakaa na mtoto. Kama hayo hayaulizwi, basi mwacheni dada apalilie.

Mtoto yule sasa anaendesha bodaboda. Tukisimama pamoja ananifika begani, na mimi mwenyewe si mrefu. Siwezi kuapa kwamba ni yale mayai, maana ukoo wetu kimo hatukujaliwa. Mwezi uliopita alinipeleka stendi, akakataa nauli. "Mjomba huwa halipi," akasema.