Je, nyaraka za chuo zikishaskaniwa tunaweza kuteketeza makaratasi?

Swali: Maktaba ya chuo kikuu chetu imekabidhiwa masanduku ya mihtasari ya seneti, vijitabu vya mahafali, picha na kaseti za hotuba. Tuskani kwa kiwango gani, tutumie aina gani ya faili, na tukishamaliza tunaweza kuteketeza makaratasi?

Jibu: Ndugu msomaji, naanza na hilo la mwisho kwa kuwa likishafanyika halirudi nyuma: msiteketeze. Karatasi iliyotunzwa pakavu, mbali na mwanga, hudumu miaka mingi bila kuhitaji umeme wala programu, ilhali faili lisilokaguliwa laweza kuharibika pasipo mtu kutambua. Kaseti ndizo za kushughulikiwa mwanzo, maana utepe wa sumaku huchakaa na mashine za kuuchezesha zinazidi kuadimika. Zirekodini katika WAV, aina ya faili la sauti ambalo kwa kawaida halibanwi, sampuli 96,000 kwa sekunde, biti 24.

Kwa kurasa za maandishi, pikseli 300 hadi 400 kwa inchi zinatosha. Picha ndogo zipewe 600. Faili kuu liwe TIFF, aina ya faili la picha linaloweza kutunza ubora wote, na lisiguswe tena, kisha kutoka humo mtoe JPEG au PDF za wasomaji.

Kazi kubwa, nayo ndiyo hupuuzwa zaidi, ni maelezo. Kabla hamjatoa karatasi hata moja, andikeni sanduku limetoka ofisi gani na lilikuwa limepangwaje, kwa sababu mpangilio wenyewe ni ushahidi: barua iliyobanwa nyuma ya muhtasari wa kikao huenda ndiyo inayoeleza kwa nini seneti iliamua vile, na ikihamishiwa kwenye jalada la barua, uhusiano huo unakatika. Picha nazo ziskaniwe pande zote mbili, kwani mara nyingi majina na tarehe viliandikwa mgongoni kwa penseli. Zisizo na maandishi waonyesheni wastaafu mapema, na pale wanapotofautiana, andikeni "inadhaniwa" pamoja na jina la aliyetoa maelezo. Vipengele 15 vya Dublin Core, orodha ya kimataifa ya maelezo ya msingi kama kichwa, mtunzi na tarehe, vinatosha kuanzia. Sioni haja ya mfumo mzito zaidi kwa mkusanyo unaoanza.

Wekeni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kila faili lihesabiwe alama ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu ambao kompyuta huukokotoa kutokana na yaliyomo katika faili, siku linapoingia, na alama hiyo ihesabiwe upya kwa vipindi na kulinganishwa na ile ya kwanza. Zikitofautiana, faili limebadilika na lirejeshwe kutoka nakala nyingine.

Hamkuuliza kuhusu faragha, lakini mihtasari ya seneti aghalabu hubeba matokeo ya mitihani na mashauri ya nidhamu yenye majina ya wanafunzi. Kurasa hizo ziskaniwe kama nyingine, ila zisiwekwe wazi kwa umma, na muda wa kuzifunga uandikwe ndani ya maelezo ya faili lenyewe, ili atakayewarithi kazi asizifungue kwa kutojua.